Una Ndugu, Ndugu?

Kabla ya kupanda treni kwenda Sofia, mji mkuu wetu, wajumbe wa wilaya yetu walifundishwa upya kutikisa kichwa. Mirchev, katibu wa Chama pale kiwandani, aliwaketisha kwenye ukumbi wa chakula uliokuwa unanuka siki, akawaeleza kwamba watu wa nchi za nje hawasemi kwa shingo kama sisi. Kwetu kichwa kikiinuliwa na kushushwa ni hapana, kikipelekwa huku na huku ni ndiyo. Kwao ni kinyume chake. Basi mbele ya wageni kila mjumbe afanye kama wageni, asije mtu wa Chile akauliza kama tuko pamoja naye, nasi tukamkatalia mchana kweupe.

Wanawake walicheka, wakajaribu, wakakosea, wakacheka tena. Yonka alijaribu pia. Hakucheka. Alikuwa bado anajiuliza kwa nini ameitwa.

Alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, katika mji wa Lom, ambako mto Danubi ni mpana na watu wa upande wa Romania huonekana kama mbegu zilizomwagika ufukweni. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusindika mboga, mstari wa pilipili hoho, na tangu mwisho wa kiangazi mpaka theluji ya kwanza vidole vyake vilikuwa na rangi ya kutu. Hakuwa mwanachama. Hakuwa msemaji. Tena alikuwa dada yake Trifon, jambo ambalo mtaa mzima ulilijua na hakuna aliyelitamka.

Trifon alikuwa baharia wa mtoni, kwenye matishari yanayopanda na mizigo hadi Austria. Kijana wa kelele, mlaji. Pilipili za kuchoma alizila kwa mkono, akizishika kikonyo, kisha akavipanga vikonyo ukingoni mwa sahani kuzunguka pande zote, vichwa nje, na mama yake, Mama Dona, akawa anamwambia kwamba anakijengea uzio chakula cha wenzake. Mwaka wa sitini na tisa tishari lao lilifunga gati mjini Linz. Trifon alishuka kununua sigara, na tishari likarudi bila yeye.

Wakaja watu wenye viatu visafi. Walimhoji Mama Dona, wakapekua kabati, wakakoroga hata pipa la kabichi. Baadaye Yonka akaondolewa kwenye maabara ya kiwanda, alikokuwa akipima chumvi, akapelekwa kumenya. Hakuna aliyemweleza sababu. Wala barua hazikufika, au zilifika zikaishia kwa wasomaji wengine. Mtu mgeni akiuliza habari za Trifon, nyumba ile ilikuwa na jibu moja: hayupo.

Mama Dona alikuwa na shida moja tu, nayo ilikuwa ya mshumaa. Kanisani kwetu mshumaa wa aliye hai huwekwa juu, kwenye kinara, na wa marehemu huwekwa chini, kwenye mchanga. Kila mwaka, siku ya mtakatifu wa jina la mwanawe, Mama Dona alinunua mshumaa, akasimama nao katikati ya juu na chini, kisha akarudi nao nyumbani haujawashwa. Aliutia kwenye droo ya visu. Aliifunga droo kwa kiuno na kuendelea na kazi.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho wakati Mirchev alipomwita Yonka kutoka kwenye mstari na kumwambia amechaguliwa kwenda kwenye mkutano wa mshikamano wa wanawake wa mataifa.

“Kwa nini mimi, Ndugu Mirchev?”

“Kwa sababu una mikono ya mfanyakazi. Wageni hupenda kushika mikono.”

“Na kichwa je?”

“Kichwa nitakufundisha.”

Wenzake walimsindikiza kwa maneno yao. Mmoja alimwambia, “Ukishaikomboa Chile, pitia na kwenye bomba letu la maji ya moto, limekufa tangu Pasaka.” Yonka alitabasamu kwa adabu. Moyoni alikuwa anaipindua ile habari kama mtu anayepindua jiwe bustanini, akijua kuna kitu chini yake. Mtu mwenye ndugu aliyetoroka hapelekwi kukaa na wageni. Akipelekwa, kuna anayetaka kuona atafanya nini.

Ukumbi wa Sofia ulikuwa mwekundu na mkubwa, na kila mjumbe alibandikwa kifuani kitambulisho chenye jina na mji wake. Pale kila mtu alikuwa ndugu wa kila mtu. Ndugu mwenyekiti, ndugu mjumbe, ndugu mpishi, ndugu kutoka Angola, ndugu kutoka Hanoi. Neno lilirushwa huku na kule kama mpira wa watoto, na Yonka alilidaka na kulirudisha kama alivyoelekezwa. Kila lilipomfikia lilimchoma, maana lilikuwa jina la mtu mmoja.

Alivaa visikizio na kuangalia. Aliona kwamba Mirchev hakukaa na viongozi wa wilaya, bali safu moja nyuma yake. Aliona kwamba mkalimani waliyepewa, msichana mwembamba aitwaye Lilyana, alikuwa akiandika wakati hakuna mtu anayezungumza. Aliona, au alidhani ameona, kwamba mhudumu yuleyule wa chai ndiye aliyekuwa pia mlangoni asubuhi, bila aproni.

Siku ya pili alisimama mwanamke wa Chile. Alikuwa na koti kubwa kuliko yeye, la kuazima. Alitaja jina la mumewe. Akasema walimchukua asubuhi akiwa na kikombe mkononi, na kwamba mpaka leo hajui kama yuko hai au amekufa, na kwamba kutojua ni nyumba isiyo na dari wala sakafu, mtu anaishi akining'inia. Hakusema zaidi. Akakaa.

Ukumbi mzima ukainuka. Yonka alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Alipiga na wenzake, na walipopunguza hakuweza kupunguza, hadi akaogopa kwamba aliye nyuma yake atajua anampigia nani. Akashusha mikono. Alipogeuka, Mirchev alikuwa anamtazama, naye bado anapiga.

Mchana ule meza zilipangwa upya, kila meza na wageni wake. Meza ya Lom ilipewa mwanamke mnene mwenye mikono mizito, Hermine, mpishi wa kantini ya wafanyakazi wa bandari, aliyetumwa na chama chao. Lilyana alimtambulisha jina, kisha mji: Linz.

Yonka aliuweka uma chini polepole ili usilie kwenye sahani.

Kwa nini Linz, katika miji yote? Nani aliyepanga meza? Alimtazama yule mwanamke kama tunavyotazama barafu ya mto mwanzoni mwa baridi, nyeupe na nzuri, na hujui unene wake. Hermine alikuwa akisoma kitambulisho chake. Alikisoma muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma maneno mawili. Kisha akasema jambo kwa Kijerumani.

“Anauliza,” alisema Lilyana, “je, Ndugu Yonka, una ndugu?”

Mirchev aliwahi. “Mwambie kiwandani kwetu tu anao mia tano.”

Lilyana akatafsiri. Hermine alicheka na meza, akafuta mdomo, akarudia swali lake taratibu.

“Anasema wa tumbo moja,” alisema Lilyana.

Yonka alijua akisema anaye, ataulizwa yuko wapi. Akisema hana, atakuwa amemzika Trifon kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mtu ambaye pengine alimwona akivuka barabara wiki iliyopita. Kichwa chake kikainuka na kushuka, mara moja. Mdomo haukufunguka.

Mpaka anazeeka alisema hakujua ni kichwa cha nani kilichojibu pale, kama ni cha Lom au kile kipya alichofundishwa. Lilyana alingoja neno, halikuja. Alimtazama Mirchev.

“Amesema hana,” alisema Mirchev, akikata mkate.

Mirchev, aliyejua vizuri kwamba anaye. Yonka alimsikia, akajiuliza. Kama ni kumfunika, anamfunika kwa nini? Kama ni kumtega, mtego uko wapi?

Hermine alipokea tafsiri lakini hakumtazama mkalimani. Aliitazama shingo ya Yonka. Mtu aliyeishi karibu na mmoja wetu anajua kwamba shingo zetu husema kinyume, na mtu aliyekaa siku mbili kwenye ule mkutano ameshaona kwamba wengine tulikuwa tunaigiza. Kwa hiyo, katika meza nzima, yeye ndiye aliyebaki bila jibu.

Zikaletwa pilipili za kuchoma, zimemenywa, zimelala kwenye siki na kitunguu saumu. Wageni wengine walichukua visu. Hermine alikunja mikono ya blauzi, akaishika moja kwa kikonyo, akarudisha kichwa nyuma na kuishusha kooni. Kikonyo akakiweka ukingoni mwa sahani, kichwa kikitazama nje. Akachukua nyingine. Kikonyo cha pili kando ya cha kwanza. Hakumtazama Yonka. Alikula kama mtu mwenye njaa na kujenga uzio wake kikonyo kwa kikonyo, mpaka ukazunguka sahani na kubaki na pengo moja.

Lilyana alitabasamu kwa aibu, kama msichana anayeona mgeni akifanya ushamba.

Yonka akajilazimisha kufikiri vibaya. Mabaharia wote wa tishari lile walikula na Trifon. Yeyote kati yao angeweza kuulizwa na watu wenye viatu visafi, akasimulia mpaka vikonyo. Mwanamke anaweza kufundishwa kula, kama sisi tulivyofundishwa kutikisa vichwa. Yote hayo aliyafikiri. Mkono wake ulikuwa umeshachukua kikonyo kwenye sahani yake, ukakiweka kwenye lile pengo.

“Muulize,” alimwambia Lilyana, “kama huko kwao pilipili hizi wanazijua.”

Hermine alijibu kwa urefu, macho kwenye siki. Lilyana akatafsiri: kwamba ghorofa ya juu ya kwao kuna mtu anayezichoma kwenye roshani kila Jumapili ya majira haya. Majirani wanagombana naye kwa sababu ya moshi. Haachi. Kichwa kigumu.

“Jumapili iliyopita pia?”

Swali lilitoka haraka mno. Lilyana aliinua macho. Mirchev aliacha kutafuna.

“Nauliza kwa sababu kwetu zinaelekea kwisha,” alisema Yonka. “Huko ni kwenye baridi zaidi.”

Lilyana akauliza. Hermine akaweka mikono yake mizito mezani, pande zote mbili za uzio wake.

“Anasema Jumapili iliyopita pia. Moshi uliingia mpaka kwenye nguo alizokuwa anafungasha kwa safari.”

“Mnaona,” Mirchev aliiambia meza, “hata kwenye ubepari watu wanatamani chakula chetu.” Meza ikacheka. Alasiri ile, kwenye hotuba yake fupi, aliitumia habari hiyo ya roshani kuonyesha urafiki wa wafanyakazi, akapigiwa makofi. Yonka alipiga pia. Hakumwona Hermine tena ila kwa mbali, mkutano ulipovunjika, kisogo kati ya visogo, na hakumpungia.

Kwenye treni ya kurudi Mirchev alikaa mbele yake. Milima ilipita, kisha mashamba ya alizeti yaliyokatwa. Alikuwa akimenya tufaha kwa kisu kidogo, ganda likishuka bila kukatika.

“Nyumbani kwenu,” aliuliza, hajainua macho, “pilipili mnazimenya, au mnakula na maganda?”

Yonka alitikisa kichwa.

“Hiyo ni ya kwetu au ya wageni?”

“Shingo imechoka, Ndugu Mirchev.”

Alicheka kidogo kwa pua. Akaligawa tufaha, akampa nusu. Yonka alilishika mpaka Lom. Hakulila, hakulitupa, na waliposhuka lilikuwa limegeuka rangi ya vidole vyake.

Mama Dona alikuwa uani, amewasha moto, anachoma za mwisho. Yonka alichuchumaa karibu, akasubiri tishari moja lipige honi huko mtoni ili sauti yake ipotee ndani yake, akamsimulia yote. Mama Dona aligeuza pilipili kwa vidole vitupu.

“Huyo mwanamke ni wa kwao, au ni wa hawa?”

“Sijui, mama.”

“Vikonyo aliviweka vichwa ndani au nje?”

“Nje.”

Mama Dona alisukuma ukuni motoni. Moshi ulimwelekea, hakusogea.

“Wenzake kwenye tishari walikula kwenye bakuli za bati,” alisema. “Hazina ukingo wa kupanga vikonyo.”

“Watu hukumbuka mengi, mama. Watu husimulia mengi.”

“Mwanangu, mimi nimechoka na droo ile.”

Jumapili Mama Dona alifungua droo ya visu, akatoa mishumaa yote ya miaka yote, iliyopinda na iliyokwaruzwa na visu, akaifunga kwenye leso. Bibi kizee akienda kanisani hakuna anayeuliza, lakini mfanyakazi wa kiwanda akiingia, huulizwa. Kwa hiyo Yonka alibaki ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha magazeti, akijifanya anasoma vichwa vya habari. Kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona mama yake akinyanyuka kwa ncha za vidole vya miguu mbele ya kinara cha juu, akiwasha mshumaa baada ya mshumaa, mpaka uso wake ukawa wa dhahabu na kupungua umri.

Yonka hakumtazama sana. Alikuwa anaangalia ni nani mwingine anayetazama.