Madrasa Iliyonyamaza

Watoto wangu wa madrasa hufika alasiri wakiwa wamechoka taabani. Wametoka shule, vumbi la malori limewakaa kwenye nyusi, na wengine hawajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Mimi nami huwa nimeshinda nikipakua marobota kwenye duka la watu. Tunakutana hapo Chapwa, jirani na mpaka wa Zambia, katika banda la mabati nyuma ya msikiti, wachovu kwa wachovu, tukisoma maneno ya Mwenyezi Mungu.

Kwa miaka mingi niliwafundisha kama nilivyofundishwa mimi kule Kondoa. Nasema, wanaitikia, wakubwa kwa wadogo, wote kwa mpigo mmoja. Sauti ilifika hadi barabara ya mpakani, na waliopita walisema mwalimu yule anafanya kazi. Ndani ya kelele ile mtoto aliweza kulala macho wazi, na wengi walilala.

Kulikuwa na binti mmoja wa darasa la tano. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya Zambia, mama yake mtu wa Ivuna aliyesilimu alipoolewa. Wenzake walipopaza sauti, yeye alichezesha midomo tu. Siku moja nilimweka kando, nikamwambia anisomee Suratul Maun. Akainamisha kichwa.

"Ustadhi, watanicheka. Ulimi wangu hauna ra."

Ni kweli, kila herufi ra ilimtoka lam, r ikawa l, kama inavyowatoka ndugu za mama yake wakizungumza. Sikumkaripia. Sisemi ilikuwa hekima. Koo lilikuwa limenikauka na sikuwa na nguvu ya kugomba. Kesho yake nilikuja na kioo kidogo cha mke wangu. Nikamwonyesha ncha ya ulimi inapogonga juu ya meno, naye akajitazama, akajaribu, akacheka mwenyewe, akajaribu tena. Wengine wakakitaka kioo.

Nikaona bora niwagawe. Wanakaa vikundi vidogo, wanasomeana na kusahihishana, mimi nazunguka. Tena hakuna sura ya kuhifadhi kabla hatujasema maana yake kwa Kiswahili. Ilinichosha kuliko zamani, kwa sababu sasa waliuliza maswali.

Na madrasa ikanyamaza. Ikabaki minong'ono.

Wazazi hawakupenda. Mzee mmoja wa kamati ya msikiti, muuza matairi anayeheshimika mtaani, akaja kuniona katikati ya kipindi.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Ustadhi, watoto wako wapi?"

"Hawa hapa, mzee."

"Mbona hawasikiki? Watu wanasema umeacha kusomesha, unapiga nao hadithi. Sisi tulisomeshwa hivi?"

Sikuwa na hamu ya kubishana. Nikamwita yule binti. Alisimama mbele ya mzee, mikono imeshika mtandio, akaisoma Suratul Maun peke yake mwanzo hadi mwisho. Ra yake ilikwaruza, lakini ilikuwa ra.

"Maana yake nini?" mzee akauliza.

"Inamsema mtu anayemsukuma yatima. Anaswali, lakini anaswali ili aonekane. Jirani akija kuomba chumvi, anamnyima." Akafikiri kidogo. "Kwa bibi yangu Ivuna wanapika chumvi. Hawamnyimi mtu."

Mzee akamwambia akae. Kisha akaondoka.

Kamati ilikaa, ikaamua nusu kwa nusu: tuanze kwa sauti, wote pamoja, mtaa usikie, kisha vikundi. Nilikubali. Wazazi wengine waliwaondoa watoto wao hata hivyo. Na kabla mvua hazijaisha, baba wa yule binti aliacha lori akafuata dhahabu Saza, akahama na familia yake. Mama mtu alikuja kuniaga. Nilimuuliza kama huko kuna madrasa. Akasema hajui. Siku ile nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni, mke wangu akiniita chakula.

Ijumaa moja, watoto wakiwa wametawanyika, nilikuwa nikikunja mikeka nikiwaza chai na godoro. Yule mzee wa matairi akaingia, akavua kofia, akaivaa tena.

"Ustadhi, ile sura ya mtoto yule," alisema. "Naisoma katika swala tangu nikiwa mdogo. Habari ya chumvi sikuwahi kuambiwa."

"Wengi hatukuambiwa, mzee wangu."

"Na Al-Asr? Ile inasemaje?"

Mgongo uliniuma. Nje malori yalikuwa yakipiga honi, na nilitaka sana kumwambia tuonane kesho. Lakini alikwisha kukaa, mtu mzima yule, amekunja miguu kwa shida kwenye sakafu tupu, ananisubiri. Nikakunjua mkeka mmoja, nikaketi mbele yake.

"Mwenyezi Mungu anaapa kwa wakati," nikaanza.