Keki ya Mlima Usio Wao

Leo nacheka, lakini siku ile kwenye ukumbi wa North York, hapa Toronto, nilitamani ardhi ipasuke inimeze, tena nikiwa na kisu mkononi.

Binti yangu Neema alikuwa anaolewa na kijana wa Pwllheli, mji mdogo wa soko kando ya bahari huko Wales, ambako hadi dukani watu wanaongea Kiwelisi. Mama wa kijana alikuja Toronto shingo upande, maana aliogopa wajukuu wakizaliwa huku hawataijua lugha yake (mimi nilimwelewa, wangu nawasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza). Neema akanisihi, "Mama, please, mpokee vizuri, akiondoka na kinyongo hatarudi kwenye harusi."

Basi mimi Mchagga wa Moshi ningempokeaje mkwe wangu huyu mama kama si kwa mlima? Nikaagiza keki ya send-off yenye umbo la mlima wa kwao, na badala ya kumuuliza mtu nikatafuta picha kwenye simu, nimesimama ndani ya basi la Kipling natoka zamu, nikachagua ule mrefu kuliko yote.

Siku ikafika, nikashika maiki, nikajitapa weee, nikamwambia mkwe huu ndio mlima unaouona ukitoka sokoni kwenu. Akaitazama keki, akasema taratibu, "Huo ni wa watalii. Wetu una vilele vitatu."

Neema akafunika uso. Mwenye akili angeomba radhi akae, mimi nikasema vitatu si shida, nikachukua kisu nikaanza kuchonga, cha kwanza kikasimama, cha pili kikasimama, cha tatu kikaporomoka na nusu ya mlima hadi kwenye gauni la mkwe.

Akainuka. Nikajua ndiyo anaondoka. Kumbe alishaona kwenye video za Neema wakwe wa kwetu wanavyolishana keki, akachota bonge kwenye sinia akanijaza mdomo.

"Mlima wetu unaitwa Yr Eifl," akasema. "Sema."

Nikasema, makombo yakiruka.

"Tena."

Nikarudia mpaka akaridhika, akina mama wakapiga vigelegele, naye akaketi na krimu yake gaunini.

Nimeapa kuuliza kabla ya kuagiza. Ila kumpokea mkwe kwa mlima siachi, na wajukuu wakija nitawafundisha jina lile mimi mwenyewe, kwa Kiswahili, na ole wao wanijibu kwa Kiingereza.