Pete za Ndege wa Matete

Harufu ya matete yaliyokatwa yakiwa bado mabichi hunirudisha kijijini kwetu Mzenga, nitake nisitake. Juzi jirani yangu kaezekea banda lake la kuku kwa matete, nami chakula cha mchana kikanishinda. Si huzuni, msinielewe vibaya. Ni kwamba nikiinusa tu harufu ile naanza kuuwazia mwaka ule, na kila nikiuwazia nabaki na maswali.

Shamba letu la mpunga lilikuwa bondeni, limepakana na matete. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, mwishomwisho. Baba alikwisha kufariki, na mwenye neno kwetu alikuwa mjomba Mwinshehe, kaka yake mama, kama ilivyo desturi ya sisi Wazaramo. Dada yangu Mwanahamisi alikuwa mwali, kafungiwa ndani, mchana hatoki na mwanamume hamwoni. Mjomba alikwisha kumwoza kwa maneno kwa rafiki yake wa Marui, mtu mzima mwenye ndevu za mvi na wake wawili. Mpunga ukivunwa tutapika, ngoma itachezwa, mwali atatolewa nje na kukabidhiwa mumewe. Bila mpunga hakuna ngoma, na bila ngoma mwali hatolewi. Mimi nilikuwa msichana mdogo, na katika yote hayo nililolielewa vizuri ni pilau.

Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Walilala kwenye matete kwa maelfu, na jua likichomoza wakanyanyuka wote pamoja kuja kutua kwenye mpunga wetu. Mimi nilikuwa juu ya dungu tangu alfajiri, narusha madongo kwa kombeo, napiga debe, napayuka mpaka sauti inakauka.

Msimu ule akaja Mzungu mmoja mrefu, mwekundu wa pua, pamoja na mpishi wake ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani. Wakatega nyavu nyembamba kando ya matete. Tulifurahi sana, tukasema leo Serikali imetukumbuka. Kumbe wapi. Alimtoa ndege wavuni taratibu, akampulizia manyoya ya tumbo, akamtia kwenye kimfuko na kumpima, akamvika pete ya bati mguuni, kisha akafungua kiganja. Yule ndege huyoo, moja kwa moja mpungani kwetu. Nilimtazama Mzungu, nikamtazama ndege, kichwa kikaanza kuniuma. Hamfugi, hamli, hamuui, anamvisha pambo halafu anamwacha aende akale jasho la mama yangu. Nilimwuliza mpishi maana yake nini. Akasema hata yeye hajui, ila atakayeokota ndege mwenye pete aipeleke bomani Kisarawe.

Aliyeokota akawa mjomba. Akavaa kanzu safi, akaenda Kisarawe akitarajia kushukuriwa. Alirudi midomo imemkauka. Alikaribishwa kiti, akaanza kuulizwa: umemkuta wapi, siku gani, asubuhi au jioni, alikuwa hai au kafa, kafa kwa nini, ulikuwa na nani, jina la baba yako nani. Kila analojibu linaandikwa. Mwisho wakampa mkono na kumruhusu aende. Kwetu sisi, mtu wa kuulizwa hivyo alikuwa kaua.

“Kile kiti ndicho kilichonitisha,” alimwambia mama jioni ile. “Hawa ni ndege wa Serikali, dada. Wanatafuta ushahidi tu.”

Sasa nisikilizeni hapa. Mama yangu hakuwa mwoga. Aliwahi kumfukuza mtu wa jumbe kwa mchi wa kinu, kijiji kizima kinatazama. Lakini siku ile alimsikiliza kaka yake mpaka mwisho, akaguna, akanyanyuka, akalichukua kombeo langu na kulichomeka darini.

“Kaka kasema kweli,” alisema. “Tukimpasua mmoja mwenye pete tutafungwa sote. Mwanangu, wewe piga makofi tu.”

Kesho yake akalichukua na debe, eti ndege wakishtuka watavunjika miguu. Mjomba alivimba kichwa kwa kutiiwa.

Basi nikapiga makofi. Ndege wakala mpaka wakashindwa kuruka vizuri. Kila jioni nilikwenda chumbani kwa dada nikilia, kumweleza kona gani imekwisha. Naye ananikwangulia ukoko wa wali aliowekewa, ananifuta machozi, ananiuliza na upande wa mtoni je. Niliamini kwamba kukaa ndani kumemharibu akili. Mama naye akipepeta zile chenga zilizobaki alikuwa akiimba. Mjomba alisimama shambani mbele ya masuke matupu, na hakuweza kumlaumu mtu, maana lilikuwa neno lake mwenyewe.

Ngoma ikaahirishwa. Mtu wa Marui alichoka kungoja, akaoa kwingine. Tulikula mihogo asubuhi na jioni mpaka msimu mwingine, nami nikamlaani Mzungu na pete zake kwa moyo wote. Yeye hakurudi tena. Mpunga mpya ulipoanza kushika, mama alinirudishia kombeo bila mtu kumwomba, na mavuno yale yakamtoa dada akaolewa na fundi cherehani kijana, ambaye mpaka uzeeni alikuwa akimchekesha.

Nilipokuwa mkubwa niliambiwa kwamba wale wa bomani walimwuliza mjomba yote yale kwa furaha tu, walitaka kujua ndege wao kafika wapi. Hilo likaeleweka. La mama, kumtii mjomba vile, halikueleweka, na hakuwahi kulitaja mpaka tukamzika.

Kisha siku moja kaka yangu, mjomba wa wanangu, alikuja kwangu kunipa habari kwamba amempatia binti yangu mume, mtu wa heshima, makamo yake yeye mwenyewe. Desturi hainiruhusu kumkatalia. Nikamkaribisha chai, nikamwitikia kwa adabu, na huku namwitikia nikajikuta natafuta kitu cha kuogopa, kama mama alivyoziogopa zile pete.