Ashuke Melini Kwanza

Neno "melini" nililichagua mimi, wala sitamsingizia mtu. Nililichagua nikiwa nimesimama ukumbini kwetu Woolwich, London, simu nimeibana begani, huku nakunja nguo za wiki nzima, na nikajiona mjanja kweli kweli.

Aliyekuwa upande wa pili wa simu ndiye niliyetaka anioe. Alikuwa kijana wa Pemba, fundi, mpole, aliyekaa miaka miwili ghorofa ya juu yetu kwa mjomba wake kabla ya kupata viza ya Marekani kwa ile bahati nasibu yao ya kila mwaka. Wazee waliompongeza msikitini hakuna aliyeuliza kama bahati nasibu ni kamari. Wangeuliza vipi, na wao wenyewe walikuwa wamejaza fomu? Akaangukia jimbo la Louisiana, kusini kabisa, kwa sababu huko alikuwa na rafiki mwenye chumba cha ziada, na akapata kazi ya kutengeneza mashine.

Kila Jumamosi alasiri akinipigia, na kwake ilikuwa bado asubuhi. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kengele ndogo ndogo zisizonyamaza, na kijimuziki kimoja kilichojirudia, sauti tatu za kupanda na moja ya kushuka.

"Huko kwenu gari la aiskrimu linapita kila dakika?" nilimuuliza siku moja.

Akacheka sana. Kisha akaniambia kweli, na hilo sitamnyima: aliniambia kweli mapema. Alikuwa kazini, na kazini ni kasino. Ile sauti ya aiskrimu ilikuwa mashine ikimpongeza mtu aliyeshinda. Na kasino yenyewe ilikuwa ndani ya meli, imefungwa kando ya mto, ina gurudumu kubwa nyuma na taa nyingi, kwa sababu sheria ya jimbo ilisema kamari ya namna ile ichezwe juu ya maji.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nafanya kazi ofisi ya nyumba za kaunsili, yaani za serikali ya mtaa, nasikiliza malalamiko ya mabomba na ukungu kutwa nzima, na nilimpenda mtu huyu. Nilitaka anioe, na nilitaka baba anioze kwa moyo mweupe. Kimoja bila ya kingine nilikuwa sikitaki.

Tabu ilikuwa baba. Kamari alikuwa haitaji hata kwa jina. Barabara kuu ya kwetu ilikuwa na duka la kubashiri farasi, karibu na soko, na baba akilikaribia huvuka barabara hata kama ana mifuko miwili ya viazi na mvua inanyesha. Alikuwa baharia zamani, kazi yake kupaka mafuta mashine, mtu wa chini kwenye injini, na huko aliwaona wenziwe wakicheza karata mpaka mtu anateremka bandarini na viatu vya kuazima. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar aliona hana pa kurudi, akabaki London. Mpaka uzeeni aliipima dunia kwa bandari. Jumamosi alipanda kivuko cha Woolwich, kile cha bure kinachovusha magari na watu ng'ambo ya Mto Thames, akaenda, akarudi, na mara nyingi hata hashuki. Akikaa chini, kwenye viti vya abiria wa miguu, anasikiliza injini.

Basi ndipo nikamwambia mchumba wangu, "Baba atauliza kazi. Mwambie unafanya kazi melini. Si uongo."

"Si uongo," akakubali. Nilisikia kama hakupendezwa, lakini sikumpa nafasi ya kusema zaidi.

Nilidhani baba atafurahi na furaha itamfunga mdomo. Kufurahi alifurahi. Mjomba mtu aliposhuka kuleta posa na kutaja meli, baba alimkumbatia. Wiki ile nzima msikiti wote ulijua kwamba anapata mkwe baharia. Akatoa kitabu chake cha ubaharia kwenye sanduku, akakifuta vumbi, akafungua atlasi mezani akafuata Mto Mississippi kwa kidole. Mama akaniambia, "Tangu aache meli sijamuona hivi." Ningemjua baba yangu kama nilivyodai kumjua, ningekumbuka kwamba baharia akikutana na baharia hanyamazi. Anauliza.

Mchumba wangu alikuja London kwa wiki moja, ajitambulishe mwenyewe. Jumapili, baada ya swala ya alasiri, waliketi ukumbini watatu: yeye, mjomba wake na baba. Baba alivaa koti lake la buluu, na kile kitabu kilikuwa juu ya meza pembeni ya visheti. Mimi na mama tulikuwa jikoni. Mlango wa jikoni ulikuwa haufungiki vizuri, na siku hiyo hakuna aliyejaribu kuufunga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Haya, nipe habari za chombo chenu. Mnapakia nini?"

"Watu, mzee."

"Abiria. Vizuri. Mnawapeleka wapi?"

"Wanapanda, halafu wanashuka."

"Wanashuka wapi?"

"Pale pale."

Mama alinitazama. Nilianza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Ni meli ya matembezi, sheikh wangu," mjomba akaingilia. "Watu wanapunga upepo."

"Mjomba, niachie kijana," baba akasema, bado kwa furaha. "Safari ya mwisho mmetoka lini?"

"Mimi nina mwaka wa tatu pale, mzee. Sijaiona ikitoka."

"Imeharibika injini?"

"Injini ni nzima. Sheria inasema itoke, ila kukiwa na hatari isitoke. Basi nahodha huandika kwamba hali si salama. Upepo, au ukungu, au mto umejaa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Nilimsikia baba akiweka kikombe chini. "Miaka mitatu ya upepo," akasema taratibu. "Mtoni. Mwanangu, mimi nimepita dhoruba za Ghuba ya Biscay mwezi wa Januari. Hebu niambie, ndani ya meli hiyo mna nini?"

Nilitamani mjomba aseme neno, kengele ya mlango ilie, mama aangushe birika. Mama alikuwa amesimama wima, birika mkononi, haangushi kitu.

"Kasino, mzee," mchumba wangu akasema. "Mimi natengeneza mashine zake. Kule sheria inataka ziwe majini. Nchi kavu wameruhusu moja tu, na bado inajengwa. Sichezi, Wallahi. Natengeneza tu."

Baba hakupiga kelele. Nilisikia kiti, kisha viatu vyake kwenye zulia, na mlango wa jikoni ukafunguka. Hakumtazama mama. Alinitazama mimi.

"Ulijua?"

Kwetu, mwari akiulizwa kama anamridhia mtu, hatakiwi kujibu. Akinyamaza, amekubali, na kimya chake kinatosha kufungia ndoa. Kwa miezi nilikuwa nikijiandaa kwa kimya hicho. Nilijua hata nitainamisha kichwa upande gani. Sasa nikainamisha kichwa upande ule ule, mbele ya sinia la vikombe, na sikusema kitu.

Baba alisubiri kadiri ya adabu. "Haya," akasema. "Nimekusikia."

Akarudi ukumbini. Alizungumza na mjomba kama kwamba kijana hayupo. "Mimi simkatai yeye. Amesema kweli alipoulizwa, na mimi naheshimu hilo. Lakini binti yangu hatalishwa na meli ile. Ashuke melini kwanza. Akishashuka, mkono wangu huu hapa."

Mchumba wangu alirudi Louisiana bila ya sisi kuonana peke yetu hata dakika moja. Baba hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alinisalimia asubuhi, akaniuliza kama kazini wananipa tabu, akaniachia gazeti nikilitaka. Ila Jumamosi tatu mfululizo hakwenda kwenye kivuko. Alikaa dirishani na kitabu chake cha ubaharia, kisha Jumamosi ya nne akakirudisha sandukuni.

Miezi ikapita. Kwenye simu mchumba wangu aliniambia nisubiri, yuko mbioni. Halafu siku moja mjomba wake akashuka ngazi anang'ara uso.

"Ameshuka," akamwambia baba hapo hapo mlangoni. "Meli ameiacha. Yuko nchi kavu sasa, katika jengo kubwa la mjini. Kazi ile ile ya ufundi wake, na bima ya afya amepewa."

Baba alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Hakuuliza jengo la nini. Nafikiri alikuwa amechoka kuuliza, au alitaka sana iwe hivyo, kama nilivyotaka mimi. Ikapangwa ndoa iwe Mfungo Mosi, Idi ikishapita. Nilikwenda Wembley kwenye maduka ya Wahindi, nikapapasa vitambaa mpaka mwenye duka akaniuliza kama nanunua au nasalimia. Nilicheka peke yangu kwenye treni. Sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile, na sikuionea haya.

Wiki mbili kabla ya Ramadhani alinipigia. Siku hizo akinipigia kutoka nyumbani kwake, jioni. Siku hiyo alipiga alasiri ya Jumamosi, kama zamani, kuniuliza napenda mapazia ya rangi gani. Nikawa nawaza rangi. Nyuma yake nikasikia sauti tatu za kupanda na moja ya kushuka.

"Uko wapi?" nikauliza.

"Kazini."

"Kazini wapi?"

"Si nilikwambia? Nchi kavu." Alikuwa anacheka.

"Ile moja waliyoiruhusu?"

Cheko likakatika. Kengele zilikuwa zinaendelea, zimefurahi kabisa.

"Baba yako alisema nishuke melini," akasema. "Nimeshuka. Si uongo. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

Nikaweka simu. Nilikuwa na hasira za kuvunja vyombo. Nilimkasirikia yeye, lakini zaidi nilijikasirikia mwenyewe, kwa sababu kila neno alilosema lilikuwa sahihi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Sisi hakuna aliyesema uongo, si mimi si yeye, ndiyo maana njia yetu ikarefuka vile. Akapiga tena mara nne. Sikuipokea. Mama alipouliza ni nani nikamwambia ni wale watu wanaouza madirisha kwa simu.

Wiki nzima nilifikiri. Fundi si mchezaji, nilijiambia. Angeacha baadaye, nikishafika huko ningemwachisha mwenyewe. Nani ameniomba niseme? Baba ameridhika, mapazia yananingoja. Usiku nilikubali hoja zangu zote, na asubuhi nilizikuta zimechacha.

Jumamosi iliyofuata baba aliniambia nivae koti, twende kwenye kivuko. Alikuwa hajawahi kunialika hata mara moja. Kivuko kilikuwa chake. Tulishuka mpaka kwenye viti vya chini, magari juu ya vichwa vyetu, na mtetemo wa injini ukaanza kutupanda miguuni. Safari ile haizidi dakika kumi.

"Sheikh atakuja kuuliza ridhaa yako," akasema. "Ndio desturi, na aje. Lakini mimi ndiye ninayekuoza, nataka nikuulize mwenyewe kwanza. Unamridhia?"

Niliinamisha kichwa. Kilijiinamia chenyewe.

"Kama unaona haya, nyamaza tu," akasema kwa upole. "Nitaelewa."

Nilichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Ningekaa hivyo hivyo, nitazame viatu vyangu, mpaka kivuko kigonge gati, na ningekuwa mke wa mtu ninayempenda, kwa mkono wa baba yangu. Niliisikia injini ikibadilisha sauti. Na baba aliisikia, maana aligeuza sikio kidogo kama kawaida yake, na hapo nikamwona usoni ile furaha ya kitoto aliyokuwa nayo siku alipofungua atlasi. Nikajua kwamba nikinyamaza mara hii nitanyamaza maisha yangu yote.

"Baba," nikasema, "hajashuka."

"Si yuko nchi kavu?"

"Yuko nchi kavu. Lakini ni kasino vile vile, ile waliyokuwa wakiijenga mjini. Nimesikia mashine kwenye simu. Na ile ya mwanzo nilijua tangu zamani. Neno la melini ni mimi niliyemfundisha."

Baba hakugeuka. Alivua kofia yake, akaiweka gotini, akaipapasa ukingo wake wote mpaka aliporudi pale alipoanzia. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Nilikuwa nimempoteza yule, na sikujua kama na huyu nimempoteza. Kivuko kikagonga gati ng'ambo, minyororo ikalia, watu wakaanza kusimama na mifuko yao.

Nilidhani tutakaa, turudi nacho, kama ilivyo desturi yake. Baba akavaa kofia, akasimama, akaninyooshea mkono.

"Basi tushuke sisi, mwanangu," akasema.