Chakula cha Shule cha Mdogo Wangu Kinaliwa Kaburini

*Aliyetuandikia ni kijana wa Muleba. Jina lake tumebaki nalo sisi. Maneno ni yake, na hatukuyapunguza makali.*

Ndugu wasomaji, mimi ni kijana wa miaka kumi na tisa, sura ninayo, shule nimeishia darasa la tano. Msinicheke. Wenye darasa la saba hapa kijijini huja kwangu kuuliza maharage yanapikwaje yasishike chini ya sufuria. Mimi ni mtu wa mzaha, mtu yeyote atawaambia. Lakini siku hizi nikisikia jani la mgomba linapasuka kwa upepo, jembe linasimama lenyewe mkononi.

Mama yetu alifariki mwaka juzi. Baba alikwenda Uganda kutafuta kibarua mdogo wangu akiwa bado ananyonya, hadi leo kimya. Mama tulimzika kama tunavyozikana sisi, ndani ya kibanja, shamba la nyumbani, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Baadaye tukahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama askari kwenye gwaride. Kibanja kikabaki kule nyuma ya shule, na mama akabaki kule.

Nimeachiwa mdogo mmoja wa kike, tumwite Koku, yuko darasa la pili. Kurudi nyumbani mchana ni mbali, kwa hiyo asubuhi namfungia chakula kabla sijaenda shamba la kijiji. Hapa niacheni nijisifu kidogo. Ninyi akina mama mnaowapa watoto kiporo kimeganda halafu mnalalamika hawali, njooni mjifunze. Mimi matoke nayaponda yangali moto, navingirisha viduara vidogo, ndani naficha maharage. Ndizi mbivu ya kuchoma naiweka juu kabisa, mtoto akifungua akutane na utamu kwanza. Kiazi kitamu nafukia kwenye majivu. Msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, ukifika natia senene wa kukaanga pembeni. Najua wazee wanasema senene si chakula cha wanawake, na mama mwenyewe hakuwahi kuonja hata mmoja, lakini Koku ni mtoto wa siku hizi, anawatafuna kama karanga. Vyote nafunga kwenye jani lililobabuliwa motoni, kwa kamba ya mgomba. Mpaka mtoto wa mwalimu mkuu aliomba kubadilishana, akampa Koku mkate!

Sasa huyo anayekula vizuri hivyo akaanza kukonda. Mwalimu wake akanisimamisha njiani.

"Wewe fundi wa mapishi, huyu mtoto unampa nini? Kola ya sare inampwaya shingoni."

Niliona aibu mpaka masikioni. Siku iliyofuata nikaacha kupalilia, mchana nikamfuata. Wenzake walikaa chini ya ukuta wa darasa kula, yeye akazunguka vyoo, akashika njia ya kibanja chetu cha zamani. Nilimkuta amekaa kando ya kaburi, anakula viduara taratibu. Nusu ameiacha kwenye jani, ameiweka juu ya udongo.

"Koku! Unamwachia nani?"

Hakushtuka hata kidogo. "Mama. Huku hakuna anayempikia."

Nikacheka, si mnanijua. Nikamwambia wanaokula kaburini ni panya. Akanitazama kama mimi ndiye mtoto.

Habari ikamfikia shangazi yetu wa Miembeni, Bukoba mjini. Akapanda basi akaja. "Mtoto hawezi kukua anakula na marehemu. Shule zikifungwa namchukua, akasome mjini." Na mimi niliona ana haki. Koku alishika mguu wa meza akalia. "Mimi nikienda, mama atakula nini?" Shangazi akageuza uso, akajifuta kwa kanga.

Wiki iliyopita Koku akashikwa na homa, hainuki kitandani. Akaniomba mimi nimpelekee mama. Nikasema haya waitu, napeleka, ili nimpe moyo apone. Nikafunga kifurushi, senene nao nikatia kwa mazoea, nikafunga fundo langu la kufungia mbuzi, nikaenda mchana kweupe, nikaweka, nikarudi napiga mluzi.

Kesho yake nikarudi kuokota mabaki, nimwonyeshe Koku kwamba ni panya tu. Kifurushi kilikuwa pale pale, kimefungwa. Si fundo langu. Mama alikuwa anatumia mkono wa kushoto, anazungusha kamba kinyume, mkia wake anauficha ndani. Nimejaribu miaka kulifunga fundo lile, siliwezi. Koku naye haliwezi, na alikuwa kitandani, paji la uso linawaka. Nikafungua. Matoke hakuna, ndizi hakuna, maharage hakuna. Senene wote wamesogezwa pembeni ya jani, hakuna aliyekosa hata mguu. Niambieni, ni panya gani, ni mbwa gani, atakula matoke na kuacha senene?

Mluzi sikuupiga tena. Nilipofika nyumbani Koku aliinua kichwa.

"Amekula?"

"Amekula," nikasema. "Senene ameacha."

"Huwa anawaacha," akajibu, kama mtu anayesema mvua imenyesha. "Mimi ndiye nawamalizia."

Ndugu wasomaji, shule zinakaribia kufungwa na shangazi ameshaandaa kitanda. Nikimkatalia, mdogo wangu atazidi kukonda akigawana na kaburi. Nikimwachia aende, kifurushi itabidi nipeleke mimi, peke yangu, kila siku. Na nikiacha kupeleka? Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, maana yule ni mama yangu, na alikuwa hapendi kusubiri chakula.

Nishaurini, nifanye nini? Wa kunicheka acheke, lakini anijibu. Mimi tangu siku ile nafunga vifurushi viwili. Kimoja sitii senene.