Nafasi ya Unene wa Penseli

Mume wangu anaitwa Fundi Wembe, na jina hilo kajipa mwenyewe. Akimaliza kupiga vigae vya sakafu humwita mwenye nyumba, hutoa wembe mfukoni, kisha humwomba ajaribu kuupitisha kati ya kigae na ukuta. Haupiti. Mwenye nyumba hutikisa kichwa kwa mshangao, na Wembe hurudi nyumbani kifua mbele, hashikiki. Mimi ni fundi cherehani. Tangu tuoane nimemwambia kwamba hata gauni huachiwa nafasi, la sivyo mwenyewe akinenepa kidogo linapasuka. Hunijibu kwamba sakafu hainenepi.

Haya ya safari nayaandika kama alivyonisimulia. Anapenda kutia chumvi, lakini mara hii namwamini, maana hayamsifu.

Yalianzia kwenye ukumbi wa maktaba katika mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Waliupiga vigae yeye na mdogo wake, shemeji yangu, ambaye ndiye mchanganyaji wa saruji. Miezi minne baadaye, mchana wa jua kali, vigae vya katikati viliinuka kwa kishindo, vikaegemeana viwili viwili, wasomaji wakakimbilia mlangoni. Bosi wao aliuliza kulikoni. Wembe hakufikiri mara mbili, akasema saruji ilitiwa maji mengi. Shemeji akaambiwa akae nyumbani, na Wembe akatumwa kwenda kutengeneza. Ripoti ambayo angeiandika huko ndiyo ingeamua kama mdogo wake anarudi kazini au ndiyo basi tena.

Shemeji anaishi kwetu. Wiki tatu nzima aliamka mapema, akavaa suruali ya kazi, akaosha mwiko wake wa saruji ambao ulikuwa safi tangu jana yake, kisha akakaa nao barazani. Hakumlaumu kaka yake hata kwa nusu neno. Iliniuma. Asubuhi ya safari nilimsihi Wembe aangalie vizuri kabla ya kuandika, akasema ameshaangalia. Nilimuuliza ameangalia lini, na basi lenyewe bado hajalipanda.

Alipofika alibandua vigae vilivyoinuka, akagonga saruji ya chini kwa nyundo. Ngumu. Akagonga kwingine, ngumu vilevile. Alikwangua mpaka saa sita akilitafuta kosa la mdogo wake, hakulipata, na badala ya kufurahi akakasirika. Ndivyo alivyo.

Msimamizi wa maktaba, mama mmoja Mhindu mwenye sauti ya kunyamazisha chumba kizima, alimwona anavyotokwa jasho akamuuliza kama amekula. Yeye mwenyewe hula chakula cha mchana hekaluni, mtaa wa nyuma, ambako jikoni hupakuliwa kila anayeingia. Akamwambia avue hasira, na wakifika avue na viatu.

Mlangoni pa hekalu Wembe alivua viatu, na kumbe soksi ya kushoto ilikuwa na dirisha kwenye kidole gumba. Akaona heri azivue zote mbili. Mama yule alisogea mbele ya sanamu, akagonga kengele mara moja, akafumba macho. Wembe, ambaye dini yake ni nyingine, alisimama nyuma, mikono mbele, kama mgeni mwenye adabu. Anasema moyo ulimtulia, kisha nyayo zake zikaanza kazi. Sakafu ilikuwa ya mawe ya zamani, laini kwa kukanyagwa, na hakuna jiwe lililocheza chini ya mguu wake.

Walikaa chini kwa mistari. Wakaletewa wali, dengu nzito, viazi vya pilipili na mtindi wa kuipoza pilipili hiyo. Aliongezwa mara mbili, na aliniambia bila haya kwamba dengu zile zimezishinda zangu. Hilo nimeliweka, siku yake itafika.

Alipoegemea nguzo, tumbo limemjaa, ndipo alipoona kitu. Kati ya mawe na nguzo kulikuwa na nafasi ya unene wa penseli, imejazwa kitu cheusi, laini kama mpira. Ilizunguka nguzo zote, ikafuata kuta zote. Kwanza akacheka kimoyomoyo, akijiuliza ni fundi gani aliyelipwa kwa kazi hii. Kisha akamuuliza mzee aliyekuwa akipakua chakula. Mzee akamwambia paa la hekalu limeshabadilishwa mara mbili, lakini sakafuni halijainuka jiwe hata moja.

"Jua likiwaka, sakafu inatanuka," alisema, akimwongezea mtindi. "Ukiibana kwenye kuta zote, itaenda wapi? Itapanda juu."

Wembe aliacha kula. Ukumbi wa maktaba una vioo upande mzima, jua la mchana lote huishia sakafuni.

Alirudi maktaba nusu mbio, akapiga magoti ukutani, akatoa wembe. Haukupita. Alijaribu kuta zote nne, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani upite.

Alimpigia bosi kwanza. Kisha akanipigia mimi, nikiwa kwenye cherehani, akaeleza yote. Nikamuuliza, kumbe sakafu hunenepa? Akaomba nimpe simu mdogo wake. Niliiweka kwenye spika nisikie. Hakuna aliyeniruhusu, lakini nyumba ni yangu.

"Saruji yako haikuwa na kosa," alisema. "Niliyevibana vigae ukutani ni mimi. Bosi nimeshamwambia, na ripoti naandika hivyo hivyo. Nilikusingizia, mdogo wangu. Nisamehe."

Shemeji aliuweka mwiko magotini. Nilidhani atalia au atamtukana, na lolote kati ya hayo ningeliunga mkono.

"Sasa unaacha nafasi gani?" aliuliza.

"Unene wa penseli. Ukumbi mzima."

"Basi usianze bila mimi, kaka. Mkono wako umezoea kubana."

Nilimsikia Wembe akicheka huko mbali, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Shemeji aliufunga mwiko kwa gazeti, akaniomba penseli ninayochorea vitambaa. Nilimpa mpya.

Siku ya kukabidhi kazi, aliyemwita msimamizi ajaribu alikuwa shemeji. Penseli ilizunguka ukumbi mzima ukutani bila kukwama. Wembe alisimama nyuma yao, mikono mbele, akamwacha mdogo wake aongee.