Gardien Mwenye Kusimamisha Treni

Banarafiki, musikie vile kinywa yangu imeniponza!

Leo asubuhi ku gare ya treni, nilitisha bachezaji ba Kaniama, benye balikuja kucheza mupira na timu yetu, na sifa ya Ilunga, gardien wetu, mulinda goli:
Anasimamishaka treni na kifua!
Mamba ya Lualaba inamupishaka njia!

Kumbe mama mukwe wake alikuwa anasikia. "Huyu mukwe lazima nimuone akicheza."

Kwetu Baluba, mwanaume na mama mukwe habaangalianake uso. Kwa heshima, ku kiwanja mama akaenda kuikala mbali, nyuma ya goli ya Kaniama.

Nani angemwambia kama kisha mapumziko timu zinabadilishana magoli?

Ilunga kufika mu ile goli na kuona mama mukwe tu, akafunika uso, mbio mu shamba ya mahindi.

Kapiteni wetu akanivalisha kofia ya Ilunga: "Weye njo unajua vile treni inasimamishwaka. Ingia mu goli."